Kama kuna viumbe huko juu, hawatakuwa furu

Kuna samaki aliyepewa jina la Mwalimu Nyerere. Ni furu mdogo, anaenea kwenye kiganja, na makazi yake ni miamba ya Ziwa Victoria, upande wa Mwanza. Dume lake lina mgongo mwekundu, ubavu wa njano na mistari myeusi inayoshuka kuelekea tumboni. Wataalamu humwandika Pundamilia nyererei. Ana ndugu yake wa miamba hiyohiyo, Pundamilia pundamilia, mwenye mistari ileile ila dume lake ni la buluu iliyofifia. Ukiwaweka pamoja kwenye tangi wanazaana bila taabu, na watoto wao nao wanazaa. Ziwani, maji yakiwa maangavu, hawachanganyikani. Majike hawataki.

Kinachowafanya wasitake ni mwanga. Ziwa Victoria lina mwani na tope, na mwanga wa buluu humezwa mapema, karibu na juu. Kadiri unavyozama ndivyo unaobaki unavyoelekea kwenye wekundu. Furu wa Nyerere hukaa chini kidogo kuliko mwenzake, na jeni yake mojawapo ya kuonea rangi imebadilika ili aone wekundu vizuri zaidi. Basi jike wa chini anamwona dume mwekundu, na jike wa juu anamwona wa buluu, kila mmoja anamfuata anayemwona. Mwaka 2008 mtafiti wa samaki Ole Seehausen na wenzake walionyesha jambo hili kisiwa kwa kisiwa. Kwenye maji maangavu, kama ya Kisiwa cha Makobe, spishi ni mbili. Kwenye maji machafu utakuta samaki wa rangi za katikati, huyu si mwekundu wala si wa buluu.

Nimemtanguliza samaki huyu kwa makusudi. Mimi ni mpenzi wa mabishano ya viumbe wa angani, yale ya kijiweni yanayoanza na "hivi kweli tuko peke yetu?" na kuishia "sasa sisi tumeletwa duniani kufanya nini?" Nimeyashiriki usiku mwingi kuliko inavyompendeza mke wangu. Na nimegundua kwamba karibu wote tunarukia angani moja kwa moja bila kupitia ziwani, wakati sehemu kubwa ya tunachokitafuta huko juu tayari imejaribiwa hapa, kwenye maji tunayooshea vyombo.

Sishangai. Kidato cha Nne tulifundishwa mageuko ya viumbe kwa mfano wa nondo wa Manchester, waliogeuka weusi enzi za moshi wa viwanda vya Uingereza. Tulikariri nondo huku madirisha ya darasa yakitazama ziwa. Hakuna aliyetaja furu. Mwalimu wetu, mtu mwema na mzee wa kanisa, alifunga mada kwa kusema: "Haya ni ya mtihani. Ya kanisani yabaki kanisani." Tukacheka, tukafunga madaftari. Leo naona alikuwa ametupa ruhusa ya kutofikiri pande zote mbili.

Uteuzi asilia wenyewe si jambo gumu. Viumbe wa aina moja hawafanani kabisa; baadhi ya tofauti zao hurithiwa; na baadhi yao huacha watoto wengi kuliko wengine kwa sababu ya tofauti hizo. Ukipata hayo matatu pamoja na muda, mambo yanageuka yenyewe. Charles Darwin alilieleza hivyo mwaka 1859 na msingi huo haujabomoka. Kinachosumbua watu si ugumu wake. Kinachosumbua ni kwamba ndani ya maelezo hayo hakuna mahali pa kuweka neno "ili". Jike wa furu hakuchagua wekundu ili siku moja kuwe na spishi mbili.

Sasa tuje kwenye maziwa. Afrika Mashariki ina maziwa makubwa matatu yaliyojaa samaki wa ukoo mmoja na furu, na kwangu mimi hayo ndiyo majaribio matatu ya asili yaliyo bora kuliko yote duniani. Tanganyika ni la kale, miaka milioni tisa hadi kumi na mbili, lenye kina cha mita 1,470, na spishi zake za ukoo huo ni takriban 240. Nyasa ni dogo kiumri, kina chake kama mita 700, na spishi zake zinakadiriwa kuwa mamia kadhaa, huenda 800. Victoria ndilo linaloniacha mdomo wazi. Ni kubwa kwa eneo, kilomita za mraba zipatazo 68,800, lakini halina kina, mita themanini na kitu tu, na udongo uliochimbuliwa chini yake unaonyesha kwamba lilikauka kabisa na kujaa upya miaka 15,000 hivi iliyopita. Baada ya hapo zikatokea spishi zaidi ya 500. Watu walikuwa wakiwinda na kuvua samaki Afrika Mashariki wakati furu wa Victoria wakijigawa.

Mtu akikuuliza viumbe wa sayari nyingine watafananaje, kwa kweli anauliza hivi: ukianzisha uhai mahali tofauti, matokeo yatarudi yaleyale au yatakwenda yanakotaka? Maziwa haya yanajibu, kwa sehemu. Katika kila moja kuna samaki wenye midomo minene kama iliyovimba, wanaoitumia kuziba ufa wa mwamba na kufyonza wadudu waliojificha ndani. Tanganyika wapo, Nyasa wapo, Victoria wapo. Tanganyika ina samaki mwenye nundu kwenye paji la uso, Nyasa nalo lina wake. Wapo wakwanguaji wa mwani, wavunja konokono, wala samaki wenzao. Mwaka 1993 Thomas Kocher na wenzake walilinganisha vinasaba vya jozi hizi za Tanganyika na Nyasa wakakuta kwamba hazikurithi sura hizo kutoka kwa babu mmoja mwenye sura hiyo. Kila ziwa lilitengeneza za kwake.

Mwaka huohuo alitokea Michio Hori, Mjapani, na habari ya samaki wa Tanganyika anayekula magamba. Huyu, Perissodus microlepis, kinywa chake kimepinda. Wengine kimepinda upande wa kulia, wengine wa kushoto, na wa kila aina humvamia samaki mwingine kwa nyuma na kumbandua magamba ya ubavu mmoja tu. Wa kulia wakizidi, wanaowindwa huzoea kulinda ubavu unaoshambuliwa sana, na wa kushoto wanashiba. Wakishiba wanazaa, wanakuwa wengi, na mambo yanageuka. Idadi inapanda na kushuka kuzunguka nusu kwa nusu. Namkumbuka samaki huyu kila nikisikia mtu anasema asili inaelekea kwenye ukamilifu. Huyu haelekei popote. Ana kinywa cha upande na kinamtosha.

Kutokana na midomo minene ni rahisi kusema: tazama, asili inajirudia, basi na huko angani kutakuwa na watu wenye macho mawili na vidole. Simon Conway Morris, mtaalamu wa visukuku wa Cambridge, amelitetea kwa miaka mingi wazo la namna hiyo, kwamba njia zinazofaa ni chache na uhai utazirudia. Stephen Jay Gould, mtaalamu wa visukuku wa Marekani, alikuwa kinyume chake: rudisha historia mwanzo, alisema, ianze upya, na binadamu hatatokea tena. Nilipokuwa kijana nilikuwa upande wa Conway Morris kwa sababu ulikuwa unafurahisha. Sasa naona maziwa yetu hayampi ushindi, kwa sababu moja: samaki wa maziwa haya ni ndugu. Wana mababu wa karibu, jeni zilezile, mifupa ya taya ileile. Ni kama mafundi watatu waliofunzwa karakana moja na kupewa mkoba mmoja wa vifaa. Wakitengeneza viti vinavyofanana huwezi kusema kiti ni cha lazima ulimwenguni.

Na hata undugu hauhakikishi. Richard Lenski, huko Marekani, alianza mwaka 1988 kukuza bakteria katika chupa kumi na mbili, wote kutoka mzazi mmoja, chakula kilekile, joto lilelile. Chupa hizo zilikwenda sambamba kwa mengi. Lakini baada ya vizazi kama 31,500, katika chupa moja tu, bakteria walijifunza kula sitreti, kemikali iliyokuwa imewazunguka muda wote. Alikuwa amehifadhi mababu zao kwenye barafu, akawafufua, akarudia. Mababu wa zamani sana hawakuweza kurudia. Waliopita kwenye mabadiliko fulani ya awali ndio waliofanikiwa. Kulikuwa na hatua iliyotangulia, ambayo wakati inatokea haikuwa na maana yoyote kubwa, na bila hiyo mlango haufunguki.

Hapo ndipo nilipofikia msimamo wangu kuhusu majirani wa angani. Wapo mahali, nadhani, kwa sababu nyota ni nyingi mno na kemia ni ileile. Kazi zao zitatambulika: kutakuwa na anayekula, anayeliwa, anayejificha, anayedanganya. Sura zao na historia zao hazitatambulika. NASA wenyewe, wanapohitaji maelezo mafupi ya uhai, husema ni mfumo wa kikemia unaojiendesha na wenye uwezo wa mageuko ya Kidarwin. Maana yake wametoka kwenda kutafuta uteuzi asilia. Hawakuandika kwamba uwe na macho, wala kwamba uwe na akili.

Na pengine akili ndiyo itakayokosekana. Dunia ina umri wa miaka bilioni 4.5. Dalili za vijidudu zinafika miaka bilioni 3.5 iliyopita na zaidi, ila wanyama wametokea kwenye miaka milioni 600 ya mwisho hivi. Ungeishukia dunia hii siku yoyote ya kubahatisha, uwezekano mkubwa ungekuta utelezi kwenye mawe, na basi. Kwa hiyo nikisikia habari za Europa, mwezi wa Jupita, sayari ambayo wazee wa pwani waliijua kwa jina la Mshtarii, sisubiri mtu wa kunipungia mkono. Chini ya barafu yake inaaminika kuna bahari yenye maji mengi kuliko bahari zetu zote. Chombo cha Europa Clipper kiliondoka tarehe 14 Oktoba 2024 na kitafika mwaka 2030. Enceladus, mwezi wa Zohali, hutoa mvuke wenye chumvi kupitia nyufa za barafu yake. Chombo cha Cassini kilipita katikati ya mvuke huo, na mwaka 2023 watafiti wakatangaza kuwa ndani yake kuna fosfati, kitu ambacho kila seli inakihitaji. Kama kuna uhai huko, utakuwa wa utelezi. Mimi ningefurahi mno na utelezi huo.

Kijiweni hawafurahi. Nikisema "bakteria" wanaguna. Na mguno huo umenifundisha kwamba wengi hawatafuti uhai. Wanatafuta shahidi. Wanataka mtu mkubwa kuliko sisi atuambie kama tunachofanya kina maana. Mtu wa dini tayari anaye, na kwa kweli sijawahi kuona muumini wa kweli akihangaishwa na bakteria wa Europa. Mama yangu aliponisikiliza alisema tu kwamba Mungu hajaanza jana kuumba, akaendelea kuchambua mchele. Wanaohangaika ni sisi wa katikati, tulioacha nusu ya imani darasani na nusu ya sayansi kanisani.

Mwaka 1977 binadamu walifanya jambo la kumtafuta shahidi huyo waziwazi. Vyombo viwili vya Voyager vilirushwa Agosti na Septemba, kila kimoja na sahani ya shaba iliyopakwa dhahabu yenye sauti na picha zetu. Kuna salamu za lugha 55. Kiganda kimo, Chinyanja kimo, hata Kisumeri ambacho hakuna anayekizungumza kimo. Kiswahili hakimo, na nakiri linaniuma kuliko inavyostahili. Tanzania imo kwa picha: Jane Goodall na sokwe wake. Voyager 1 ilitoka nje ya himaya ya upepo wa jua mwaka 2012. Itachukua miaka kama 40,000 kabla haijakaribia nyota nyingine, na hata huko haitakaribia sana.

Mwaka huohuo wa 1977, timu ya watafiti kutoka Leiden, Uholanzi, ilianza kazi Mwanza ya kuwaorodhesha furu. Walikuwa wakivuta nyavu na kukuta spishi ambazo hazijawahi kupewa jina, nyingi kiasi kwamba walizitungia majina ya muda ya utani ili kazi isonge. Miaka michache baadaye nyavu zilianza kutoka na kitu kimoja.

Sangara aliletwa. Waingereza walionywa tangu 1929, kwenye ripoti ya uvuvi ya Michael Graham, kwamba kumwingiza samaki mkubwa mla wenzake ni hatari. Mwaka 1954 akawekwa upande wa Uganda, na mwanzoni mwa miaka ya sitini wengine wakaongezwa rasmi. Kusudi lilikuwa wazi na lina akili yake: furu ni wadogo, wana miiba, hawana bei, sangara atawameza na kuwageuza kuwa minofu. Kwa miaka zaidi ya ishirini ikaonekana hakuna kilichotokea. Kisha, mwanzoni mwa miaka ya themanini, sangara wakalipuka. Spishi zipatazo 200 za furu zinahesabiwa kuwa zimetoweka, na si sangara peke yake, maana maji nayo yalichafuka, mwani ukaongezeka, hewa ya chini ikapungua, na majike hawakuona tena rangi.

Hapa siwezi kujifanya msafi. Ada yangu ililipwa na sangara. Mjomba wangu alikuwa mvuvi, baadaye akawa na mtumbwi wake, akauza kwa mawakala wa viwanda vya minofu, na bei ya mabondo, ile mifuko ya hewa ya tumboni mwa sangara, ilipopanda akajenga nyumba ya bati. Sisi tulikula mapanki, mifupa inayobaki minofu ikishatolewa. Kabla yake, bibi alituunga furu wakavu kwa karanga, chakula cha watu wasio na kitu, na hakuna aliyelia walipopungua. Kusudi la wale waliomleta sangara lilitimia kwa kiasi kikubwa. Ndiyo sababu nikiambiwa kwamba kitu chenye kusudi ni bora kuliko kisicho na kusudi, nasita. Furu hawakuwa na kusudi la mtu yeyote. Walikuwepo tu, zaidi ya mia tano.

Nadhani tunalitafuta kusudi mahali pasipo pake. Jiwe halihitaji chochote. Furu mwenye njaa anahitaji, na dakika tano zijazo za maisha yake zina shabaha kamili kabisa. Kusudi liliingia ulimwenguni pamoja na viumbe wanaoweza kukosa, na uteuzi asilia, ambao wenyewe haulengi popote, ndio ulioleta viumbe wenye kulenga. Kiumbe wa Europa akiwepo naye atakuwa na haja zake, na hazitahusiana na zangu. Akishuka leo na akili kuliko sisi, nikamuuliza tumeumbwa kufanya nini, atanishangaa. Naye atakuwa na swali hilohilo nyumbani kwao, na huenda alikuja kwetu kuuliza.

Furu wenyewe, wale waliobaki, hawakusubiri. Miaka ya tisini, uvuvi ulipowapunguza sangara, baadhi walirudi. Haplochromis pyrrhocephalus alirudi akiwa na matamvua makubwa kuliko ya mababu zake wa miaka ya sabini, yanayofaa kwa maji yenye hewa chache, na vyakula vyake vimebadilika. Miongo miwili tu. Sisemi ni habari njema. Wale mamia waliokwenda hawarudi, na kwa hoja niliyoieleza juu, hawatarudi popote, hata kama kuna maziwa milioni kwenye sayari milioni. Midomo minene itatokea tena. Yule wa Mwanza, hapana.

Mwezi uliopita nilimpigia mjomba. Shikamoo, marahaba, habari za magoti, kisha nikamweleza habari za Galileo, chombo kilichozunguka Jupita miaka minane. Mafuta yalipokaribia kuisha, NASA walikielekeza kwenye Jupita kikaungulie humo, tarehe 21 Septemba 2003. Walihofu kikiachwa kinaweza kuiangukia Europa na vijidudu vya duniani vikaingia kwenye bahari yake. Cassini nayo waliiteketeza ndani ya Zohali mwaka 2017, kwa hofu ileile juu ya miezi yake.

"Kwani mjomba, walishaona samaki humo?" akauliza.

"Hawajaona kitu, mjomba."

"Hawajaona kitu, na wamechoma chombo cha pesa zote hizo?"

"Ndiyo."

Akanyamaza kidogo, halafu akaniuliza hao watu wa uvuvi wa 1954 bado wapo hai, au nao walishakufa.